Shoka Lililochomoka

Shoka lenyewe ninalo hadi leo. Linaning'inia ukutani katika kibanda changu cha kazi hapa Ilboru, juu kidogo ya mji wa Arusha, mahali ambapo asubuhi za Julai Mlima Meru hujifunika ukungu mpaka saa nne. Kichwa ni kilekile. Mpini ni mwingine. Ule wa kwanza niliuchoma moto mwenyewe, Februari 1993, siku ya tatu baada ya mtoto wa jirani yangu kurudishwa nyumbani mguu ukiwa kwenye hogo.

Jirani alikuja jioni kuazima. Mgrevilea wake mmoja ulikuwa umeanguka shambani, naye alitaka kuupasua kuni. Nikamwambia apitie asubuhi. Sikumwambia kwa nini asubuhi. Kichwa cha shoka kilikuwa kinacheza tangu Krismasi, na usiku ule nikafanya wanachofanya watu wengi wa huku: nililitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji, kichwa chini, likalala humo. Kulipokucha lilikuwa limekaza kama lililomea pale. Nikalitikisa, nikaridhika, nikampa.

Walianza kupasua saa mbili. Jua la Februari linajulikana. Kwenye saa saba kichwa kikachomoka kwenye mpini, kikaruka. Aliyeshika shoka alikuwa kijana mkubwa wa yule jirani. Kichwa kilimpata mdogo wake wa miaka 11, aliyekuwa akiokota vipande, kikamvunja mfupa wa muundi.

Jioni jirani alikuja kwangu akitokea hospitali. Mkono mmoja ameshika kichwa cha shoka, mkono mwingine mpini. Akasema, "Mwalimu, utusamehe, tumekuharibia shoka." Nikakosa la kusema. Akaongeza, kwa upole, kama mtu anayemfariji mwenzake, "Ajali haina kinga."

Nikamjibu, "Ni kweli."

Jibu hilo nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini, na ndilo linalonifanya niandike. Kwa maana nilikuwa mwalimu wa ufundi chuma. Nilikuwa nikiwafundisha vijana, kwa chaki na kwa vitendo, kwamba mpini uliolegea haukazwi kwa maji. Mti ukinywa maji hufura, lakini tundu la chuma halifuri pamoja nao wala halisogei. Basi nyuzi za mti zinajibana zenyewe dhidi ya chuma mpaka zinapondeka. Maji yakikauka mti unanywea, nao hunywea ukawa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Maji humkopesha mwenye shoka siku moja, kisha humdai kwa riba. Nilijua hilo kama ninavyojua jina la mama yangu. Nilikuwa na haraka tu, na nilitaka jirani aone shoka la mwalimu liko imara.

Njia yenyewe si ngumu. Mpini uliolegea unatolewa wote. Unachongwa upya, au unatafutwa mwingine ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka juu hadi chini, bila kukatiza upande. Mgrevilea haufai, unavunjika. Mkaratusi mbichi unaouzwa sokoni umenyooka vizuri, ila ukikauka unasinyaa hadi unashangaa. Sisi tulio upande huu wa mlima tuna mzeituni wa porini, ambao kwa Kimaasai ni oloirien, mti uliotoa jina kwa mtaa mzima hapo mjini. Ni mzito na mgumu. Ukikatwa unawekwa darini, juu ya moshi wa jiko, ukauke taratibu kwa mwaka. Mpini unaingizwa mpaka ukae kwenye mabega yake, kisha ncha yake iliyopasuliwa inagongewa kabari ya mbao ngumu, na kukatiza kabari hiyo inagongewa nyingine ndogo ya chuma. Halafu unapewa mafuta ya kitani unywe mpaka ushibe. Hayo hukaukia ndani ya mti yakabaki humo, hayaondoki kama maji. Kazi yote ni saa mbili ikiwa mti upo tayari. Saa mbili hizo ndizo nilizomnyima mtoto wa watu.

Sasa nije kwenye Maandiko, maana mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri, na mambo yangu huishia huko. Kumbukumbu la Torati sura ya 19 inakitaja kisa hiki karibu vilevile. Mtu anakwenda msituni na mwenzake kukata kuni, anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini, kinampiga mwenzake anakufa. Torati inamhurumia mtu huyo. Inaamuru itengwe miji mitatu ili akimbilie mmojawapo, mlipiza kisasi asimpate, kwa sababu hakuwa na chuki na mwenzake tangu mwanzo. Nilipoisoma sura hiyo mwaka ule niliona imeandikwa kwa ajili yangu. Nilikaa ndani ya mji wangu wa makimbilio karibu mwaka mzima, nikalala vizuri.

Kisha siku moja nilifika Kutoka 21, kwenye habari ya ng'ombe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akamuua, ng'ombe atauawa na mwenyewe atakuwa hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa lakini hakumfunga, hukumu inamfikia mwenyewe. Nikarudi kwenye shoka. Torati inamzungumzia aliyekuwa ameshika shoka. Haimtaji mwenye shoka, yule aliyebaki nyumbani akijua kwamba kichwa kinacheza. Kijana aliyeshika shoka langu ana mji wake, na aishi humo kwa amani. Mimi si yule wa shoka. Mimi ni yule wa ng'ombe.

Nilimweleza mchungaji. Akaniambia nimesamehewa, nami naamini hivyo. Lakini nilimwambia jambo ambalo bado nalishikilia: ajali haisamehewi. Anayesamehewa ni mtu aliyekosa, na palipo na ajali tupu hakuna aliyekosa, kuna aliyeumia tu. Kila nilipoitikia "ajali haina kinga" nilikuwa naufunga kwa mikono yangu mlango wa kusamehewa. Ilinibidi kwanza niseme kwa jirani, uso kwa uso, habari ya ndoo. Nilimweleza mwaka 1995. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Ulijua, Mwalimu?" Nikasema nilijua. Akaondoka, na kwa miezi minne hivi tulisalimiana kwa mbali. Siioni miezi ile kama hasara.

Babu yangu alikuwa Mwarusha wa zamani. Alikuwa na namna nyingine ya kulimaliza suala hili la nani abebe lawama, na kwa muda mrefu niliiona kama mila tu ya wazee. Waarusha ni ndugu wa Wamaasai kwa lugha na kwa rika, na kama Wamaasai, mikuki na sime zao zilitoka kwa watu wa ukoo wa wahunzi, ilkunono. Babu hakupokea kitu cha chuma kutoka mkononi mwa olkunoni kwa kiganja kikavu. Alijipaka mafuta ya kondoo kwanza, ndipo akaushika mkuki. Mwingereza A. C. Hollis, katika kitabu chake The Masai cha mwaka 1905, aliandika kuhusu desturi hiyohiyo. Ilkunono hawakuoa kwa watu wengine wala kuolewa nao. Sababu tuliyopewa tukiwa watoto ilikuwa moja: hawa wanatengeneza vitu vinavyomwaga damu, ambayo Enkai, yaani Mungu, ameikataza, kwa hiyo ni najisi.

Tazama hesabu hiyo inavyokwenda. Mhunzi amekaa kwenye moto wake, na mivukuto, na fuawe, na koleo. Hakwenda vitani. Hakuchukua ng'ombe wa mtu. Aliyeutupa mkuki ni mwingine, ambaye akirudi anaimbiwa na wasichana. Mafuta yale ya kiganjani yaliweka mpaka: damu yote ibaki upande wa aliyefua, sifa zote ziwe upande wa aliyerusha. Oktoba 1896, huko Akeri, upande wa Meru, wapiganaji waliwaua wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Wajerumani wakaja kutoka Moshi wakalipiza kwa bunduki, wakaua watu wengi zaidi, wakachoma nyumba na kuswaga mifugo. Mikuki ilifuliwa na watu tuliowaita najisi. Bunduki nazo zilifuliwa na watu, huko Ujerumani, na nadhani nao jioni yao walikwenda nyumbani kula na watoto bila kujua lolote kuhusu Akeri. Ukiitafuta damu kwa mhunzi, utatembea mbali sana na bado utakuwa umempita mwenye damu hiyo njiani.

Na chuma chenyewe hakisemi lolote. Vuka kwenda Kilimanjaro, mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu, utakuta Wachaga walimheshimu mhunzi na kumwogopa. Nyundo yake ilikuwa na nguvu ya baraka na laana. Endelea mpaka Ugweno, Upare Kaskazini, ambako watu waliokota mchanga wenye chuma kwenye vijito wakauyeyusha, na chuma chao kikauzwa hadi kwa Wachaga na Wamaasai: huko ukoo wa wahunzi, Washana, ndio waliotawala, kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua. Chuma kilekile, mchanga uleule. Mlima mmoja unamfanya mhunzi najisi, wa pili unamwogopa, wa tatu unamkalisha kwenye kiti. Vitabu navyo vinagawana. Mwanzo inamtaja Tubal-kaini, fundi wa shaba na chuma, na inamweka kwenye ukoo wa Kaini aliyemuua ndugu yake. Waislamu wanasoma kwamba Mungu alimlainishia chuma Nabii Daud, naye akawa fundi wa deraya, vazi la kumkinga mtu. Rafiki yangu mmoja wa Kaloleni, Mwislamu, hunikumbusha kwamba Kurani ina sura nzima yenye jina la chuma, na humo chuma kinatajwa kuwa na nguvu kali na manufaa kwa watu, vyote viwili pamoja.

Nilipoanza kufundisha mwaka 1981 nilimkuta karakana fundi mmoja mzaliwa wa ilkunono. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu, na nitasema wazi kwamba nilichojua kuhusu moto nimekipata kwake. Alinifundisha kutazama. Chuma cha springi ya gari, akasema, kina kaboni ya kutosha kukifanya kigumu. Nondo haina, hata ukiipika siku nzima. (Springi ina kaboni karibu 0.6 kwa mia; nondo nyingi hazifiki nusu ya hiyo.) Huna haja ya maabara. Peleka chuma kwenye jiwe la grenda, utazame cheche: nondo hutoa mistari mirefu iliyonyooka, springi hutoa mistari mifupi inayopasuka kama nyota, na chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu zinazozimika haraka. Kuivisha, tundika sumaku kwenye waya. Chuma kikifika joto la nyuzi 770 hivi, sumaku inakiacha. Ongeza moto kidogo tu, kisha kitie kwenye mafuta yaliyopashwa, si maji baridi, maana springi kwenye maji hupasuka, na mara nyingine hupasuka ndani usikoona. Hapo kimekuwa kigumu kama chupa, na kama chupa kitavunjika. Kwa hiyo kisugue king'ae, kipashe tena taratibu, utazame rangi zinavyopita: manjano ya majani makavu, ndiyo ya kisu, kahawia, zambarau, bluu. Shoka lipozwe likiwa kati ya zambarau na bluu, lipoteze ugumu kidogo lipate uvumilivu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua na sumaku na rangi kwa patasi za kuuza sokoni Mbauda, ilhali wengine walikuwa wanachonga nondo, wanaipaka rangi nyeusi na kuuza kabla ya adhuhuri. Alinijibu kwa sauti ya chini. Akasema atakayenunua patasi ile hatamjua. Ataigonga nyundo siku moja, peke yake, uso wake ukiwa karibu. "Mimi nitakuwa mbali," akasema. "Chuma tu ndicho kitakuwa pale."

Nililichukulia kama neno la fundi hodari. Miaka 12 baadaye, kichwa cha shoka langu kiliporuka, ndipo lilipoingia. Amri ya kumpenda jirani huwa tunaiwazia kama jambo la uso kwa uso: mgeni mlangoni, mgonjwa kitandani. Lakini kwa mtu anayeshika chuma, sehemu kubwa ya amri hiyo inatimizwa au kuvunjwa jirani akiwa hayupo, pengine hajazaliwa, kwenye kibanda, jioni, mtu umechoka na unataka kwenda kula. Unaamua kama kabari itatolewa au ndoo itafaa.

Fundi yule ndiye aliyenionyesha shoka la wahenga wake. Sisi tumezoea shoka la dukani: mpini unapita kwenye tundu la chuma. La kwao lilikuwa kinyume. Chuma kina mkia uliochongoka, nao ndio unaopita ndani ya mpini, kwenye kifundo kinene cha mti. Kila unapopiga, pigo linausukuma mkia ndani zaidi. Shoka la dukani hulegea kwa kazi. Hilo hukaza kwa kazi. Nililigeuzageuza mkononi siku ile nikaona ni ufundi mzuri tu. Leo siwezi kulifikiria bila uchungu. Watu tuliowabebesha damu ya mikuki yetu ndio waliokuwa na shoka ambalo kila pigo hulizidisha kukaa.

Wala fundi yule hakuepuka dharau kwa ufundi wake. Kwenye harusi moja niliona mzee akikataa kikombe kilichoandaliwa na fundi huyo. Nami nilikuwepo, nikatazama pembeni. Hilo nalo nililijua, na sina sura ya Torati ya kunifunika.

Ninachofanya sasa na mafuta ni hiki. Jasho la mkono lina chumvi, na chumvi ndiyo inayoanza kutu. Alama ya vidole juu ya chuma safi huonekana kwa wekundu baada ya siku chache za masika. Kwa hiyo kila kifaa kikirudi kinafutwa udongo, kinakaushwa, kinapitishwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Oili chafu ya gari sitii kwenye kisu cha chakula. Ina mabaki ya metali. Mafuta ya kupikia hunata yakikaa, lakini kwa kisu kinachotumika kila siku yanatosha. Babu alijipaka mafuta mkononi ili chuma cha mhunzi kisimchafue. Mimi napaka mafuta chuma ili mkono wangu usikichafue. Ni mafuta yaleyale, na kila ninapofanya hivyo namkumbuka babu kwa upendo, ila nimegeuza upande.

Kuhusu makali sina mengi. Mhubiri sura ya 10 anasema chuma kikiwa butu na mtu asipokinoa, itambidi aongeze nguvu. Na kila fundi anajua nguvu ya kuongeza ndiyo inayomtupa mtu kwenye kifaa chake. Noa kwa tupa, polepole. Ukitumia grenda, chovya kwenye maji kila mara; ukiona ukingo umegeuka bluu, ugumu umekwisha hapo na inabidi uondoe sehemu yote hiyo.

Yule mtoto wa miaka 11 sasa ana watoto. Mguu ulipona, ila wakati wa baridi ya Juni anachechemea. Mwezi uliopita alikuja jioni, kama baba yake alivyokuja. Shikamoo, marahaba. Mti umeanguka, anaomba shoka. Nikalitoa ukutani. Nikalishika mpini juu, kichwa kikining'inia chini, nikaugonga mwisho wa mpini kwa nyundo ya mbao. Ukiwa umekaza, sauti yake ni moja, nzito, na kichwa hakisogei. Nikagonga mara ya pili. Kulikuwa na kitu chembamba ndani ya ile sauti, kama punje inayogonga kibuyu.

Nikamwambia, "Hili silitoi leo. Njoo kesho jioni."

Akavuta kigoda cha mlangoni akakaa. "Nitasubiri, Mwalimu," akasema, na akanyoosha ule mguu mbele. Nikawasha taa, nikatafuta patasi ya kuitolea kabari.